Mapumziko ya Mzazi Katika Siku Arobaini

(Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama na makarani waliokutana Janga. Inapigwa chapa hapa kwa ombi la Mkutano.)



Mikutano yetu imezoea kusikiliza hotuba juu ya mishahara, vyeo, uhamisho na malipo ya uzeeni, na mambo hayo ni haki yetu kuyazungumza. Leo twaomba ruhusa tuzungumze jambo lisiloandikwa mara nyingi katika ajenda zetu, nalo ni mapumziko ya mwanamke aliyejifungua, yaani mzazi, katika zile siku za kwanza ambazo wazee wetu huziita arobaini.

Huenda baadhi ya mabwana wakasema moyoni, "Hayo ni mambo ya wanawake, sisi yatuhusu nini?" Swali hilo ndilo lililotusimamisha hapa. Sisi pia tuliwahi kuliuliza, na jibu lake tulilipata kwa njia ambayo hatumwombei mwanachama yeyote. Tutawaeleza baadaye.

Tuanze na mwili wenyewe. Mji wa mimba, ambao mwisho wa ujauzito hupanda hadi karibu na kifua, hurudi polepole katika ukubwa wake wa kwanza, na kazi hiyo huchukua majuma 6 hivi. Mahali ndani ya mwili ambapo kondo la nyuma lilibanduka huwa kama jeraha, na jeraha hilo halionekani na mtu. Kama mama alipasuliwa, basi lipo na jeraha la pili, lililokatwa tabaka juu ya tabaka, naye haimfai kwa majuma kadhaa kuinua kitu kizito kuliko mtoto wake. Juu ya hayo amepoteza damu, na maziwa yanatoka katika mwili ule ule uliochoka.

Sasa tufanye hesabu ya kikarani. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 katika saa 24, wala haulizi kama ni usiku. Tuseme ni mara 10, na kila mara ni nusu saa tu. Hizo ni saa 5 za kunyonyesha peke yake, bila kuhesabu kumsafisha mtoto, kumbembeleza na kumlaza. Na saa hizo hazikupangwa pamoja. Zimetapakaa usiku na mchana, hata usingizi wa mama ukawa vipande vipande. Karani akikoseshwa usingizi usiku mmoja, asubuhi hukosea kujumlisha. Mzazi hukoseshwa usiku baada ya usiku, na bado twataka apike, afue, achote maji na apokee wageni kwa uso mkunjufu.

Wazee wetu wa Pwani, hapa Uzaramo na kwingineko, hawakuhitaji hesabu hiyo ili waelewe. Walimweka mzazi ndani siku 40. Mama yake alikuja, au shangazi, au dada, au somo wake. Alikandwa kwa maji ya moto, alifungwa tumbo kwa nguo iitwayo mkaja, alipewa uji wa pilipili manga na supu ya kuku, na kazi yake ilikuwa mbili tu: kunyonyesha na kulala. Tena lugha yetu imeliweka jambo hilo katika kumbukumbu. Bwana arusi anapotoa mahari, kiko kitu kiitwacho mkaja, ambacho ni haki ya mama wa bibi arusi. Maana yake ni kwamba siku ya harusi yenyewe mkwe hukumbushwa kwamba huyu binti alizaliwa na mtu, na mtu huyo alilala kitanda cha uzazi. Dini nayo haikumsahau: mwanamke Mwislamu aliye katika nifasi husamehewa sala, wala hafungi mpaka atoharike.

Wala si Pwani tu. Wachaga wa Kilimanjaro, kwa desturi yao ya zamani, humpumzisha mzazi kwa muda wa miezi 3 hivi, wakimlisha mtori, maziwa na nyama. Wachina humweka ndani mwezi mzima. Watu waliotengana kwa bahari na milima wakifikia jambo moja, yafaa tuamini kwamba jambo hilo lina sababu.

Hata hivyo hatukuja kusifu kila kitu kwa kuwa ni cha kale. Katika mchele huwamo pumba. Wako waliomkamua mama yale maziwa ya kwanza ya njano wakayamwaga, wakidhani ni machafu; nayo ndiyo kinga ya kwanza ya mtoto, na inafaa aanze kuyanyonya katika saa ya kwanza ya maisha yake. Maji ya kukanda yakizidi moto huunguza. Mzazi asiyeinuka kitandani kabisa huweza kugandiwa na damu katika mishipa ya miguu. Kwa hiyo mapumziko si kulala kama gogo, bali atembee kidogo chumbani na uani. Na kosa kubwa kuliko yote ni kusema kwamba mzazi hatoki mlangoni kabla ya siku 40, hata kwenda kliniki. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2022, lasema kwamba mama aliyejifungua salama akae mahali pa tiba angalau saa 24, kisha aonwe tena baina ya saa 48 na 72, tena baina ya siku ya 7 na ya 14, na tena katika juma la 6. Anayemfungia mzazi ndani asionwe na mkunga amegeuza mapumziko kuwa kifungo.

Lakini, mabwana na mabibi, kiini cha desturi hiyo ni nini? Sisi tulidhani ni kitanda, au mkaja, au supu. Hapa ndipo tunapotaka kukiri kosa letu.

Miaka mingi iliyopita tulihamishiwa kituo kilicho mbali na kwetu, tukaenda na mke, ambaye alikuwa na mimba ya mtoto wa kwanza. Wote mwaijua hali ya mtumishi aliyehamishwa. Nyumba ina vyumba viwili, jirani hajui lugha ya kwenu, mama mkwe yuko mwendo wa siku mbili, na nauli yake haijapatikana. Tulisema, "Haidhuru, sisi tupo." Mtoto alizaliwa salama, tukafurahi, na siku ya pili mzazi akarudi nyumbani. Siku ya tatu sisi tukarudi ofisini, maana ulikuwa wakati wa kufunga hesabu za mwaka. Tuliacha fedha za matumizi mezani, tukajiona tumetimiza wajibu.

Siku ya tisa wenzetu wa ofisini walitaka kuja kutupongeza. Tuliona ni heshima. Tulituma habari nyumbani kwamba wageni ni wanane na pilau itafaa. Mzazi hakukataa, alilelewa asikatae. Aliamka, akachambua mchele, akapika huku mtoto yu mgongoni, akaandaa, akasalimu. Wageni walisifu chakula. Walipokuwa wakiaga alikwenda uani, na huko akaanguka. Tulipomfikia tulikuta damu nyingi. Hatutaeleza zaidi. Jirani yule yule ambaye hatukujua lugha yake ndiye aliyetoa gari.

Mungu alitustahi, akapona. Kisha daktari alituambia jambo ambalo twalibeba mpaka leo. Alisema haikuwa pilau iliyoleta damu. Kipande cha kondo la nyuma kilikuwa kimebaki ndani, na kingeweza kuleta madhara hata kama angelala mchana kutwa. Tulipumua kidogo tuliposikia hivyo, kana kwamba tumefutiwa hatia. Lakini aliuliza: dalili zilianza lini? Mke wetu akajibu kwamba tangu siku ya saba damu ilikuwa imeongezeka badala ya kupungua, na mwili ulikuwa na homa. Akaulizwa alimwambia nani. Hakuwa na mtu wa kumwambia. Asubuhi sisi tulikuwa tukiondoka, jioni tulirudi na majalada, na siku ya tisa palikuwa na wageni.

Hapo ndipo tulipoelewa arobaini ni nini. Mapumziko ya mzazi si kitanda peke yake, ni mtu. Yule mama, yule shangazi, yule somo hakuja kukanda na kupika tu. Alikuja kuwa na macho. Alifua vitambaa, kwa hiyo aliijua damu imepungua au imezidi. Alimgusa mzazi, kwa hiyo alijua ana homa. Alilala chumba kimoja naye, kwa hiyo alisikia akilia usiku. Mzazi aliyepumzishwa ni mzazi anayetazamwa, tena anayepata nafasi ya kusema, "Leo sijisikii vizuri," bila kufikiri juu ya chungu kilichoko motoni. Sisi tulichukua mke kutoka katika mikono hiyo yote, tukamweka katika nyumba ya vyumba viwili, na badala ya mikono hiyo tukaweka fedha mezani.

Basi ikiwa uhamisho umetuondolea mashangazi, ni nani atakayeshika mahali pao? Hatuoni jibu lingine ila ni sisi wenyewe: kwanza mume, pili jirani, tatu Chama.

Serikali nayo imetupa njia, na ni aibu karani asiijue sheria inayomhusu. Mwaka 1975, baada ya Umoja wa Wanawake wa Tanzania kulipigania jambo hilo, sheria iliwapa likizo ya uzazi yenye malipo hata wanawake wasioolewa, ambao hapo nyuma hawakuipata. Leo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yampa mama siku 84 zenye malipo, na siku 100 akizaa watoto zaidi ya mmoja kwa mara moja. Aweza kuianza likizo hiyo majuma 4 kabla ya siku anayotazamiwa kuzaa. Wala haruhusiwi kurudi kazini kabla ya majuma 6 tangu kuzaa, ila tabibu athibitishe kwamba aweza. Akifiwa na mtoto huyo kabla ya mwaka kupita, sheria yampa siku 84 nyingine. Akirudi kazini naye ananyonyesha, apewe nafasi ya kunyonyesha hadi saa 2 kwa siku. Tena mwaka 2025 sheria ilirekebishwa ili mama aliyejifungua mtoto njiti aongezewe muda. Na baba amepewa angalau siku 3 zenye malipo, azichukue ndani ya siku 7 tangu mtoto azaliwe.

Siku 3 ni chache. Kenya baba hupewa majuma 2. Lakini tukubali pia kwamba wengi wetu hata hizo 3 hatuziombi, au tukiziomba twazitumia kupokea hongera barazani. Mwenye siku za likizo yake ya mwaka na aziunganishe nazo, azipange mapema kama anavyopanga safari ya kwenda kwao.

Na hapa twataka kusema na makarani wenzetu wanaoshika majalada. Sheria yamtaka mama atoe taarifa miezi 3 kabla, pamoja na hati ya tabibu. Barua hiyo ikifika mezani kwako, usiiweke chini ya nyingine. Kila siku unayoichelewesha, yuko mwanamke asiyejua kama atapumzika. Akiwa nyumbani katika likizo yake, usimpigie simu kuuliza funguo ya kabati iko wapi au jalada fulani lilikwenda kwa nani. Hayo yaulizwe kabla hajaondoka, yaandikwe, yakabidhiwe. Mama aliye kitandani na simu ya ofisi sikioni hakupewa likizo, amehamishwa meza.

Sasa tuseme yanayopasa kutendwa nyumbani, maana hotuba isiyofika jikoni haina faida.

Kwanza, kabla ya kuzaa, mume na mke wakae wataje jina la mtu atakayekuja. Awe mama, dada, binamu au jirani mwema. Lakini awe na jina, na nauli yake iwekwe pembeni tangu mwezi wa 6 wa mimba, pamoja na fedha za gari la kwenda hospitali usiku. Anayekaa huku Janga aulize mapema ni nani mwenye gari na atakubali kugongewa mlango saa 8 za usiku, awahishwe mgonjwa Mlandizi au Tumbi.

Pili, maji na kuni au mkaa viwe kazi ya mwingine kwa siku zote 40. Ndoo iliyojaa si mzigo wa mzazi. Mwanamume akionekana barabarani na ndoo, wenye kucheka watacheka siku moja, siku ya pili watachoka.

Tatu, mzazi alale mtoto alalapo, hata iwe mchana. Nyumba ikiwa haijafagiliwa, aifagie mwingine au isifagiliwe. Usiku baba hawezi kunyonyesha, lakini aweza kuinuka, kumbadilisha mtoto nepi, kumleta kwa mama na kumrudisha akishashiba. Hilo peke yake humpa mama sehemu ya usingizi wake.

Nne, ale vizuri. Anayenyonyesha anahitaji chakula zaidi, si kidogo. Mchicha, matembele, kisamvu, maharage, dagaa, mayai na maini, vyote hivi vyapatikana, wala si lazima awe kuku kila siku. Na maji ya kunywa yawe karibu naye kila anyonyeshapo.

Tano, kila mtu katika nyumba ajue dalili za hatari: damu kuongezeka au kulowesha vitambaa upesi, homa, maumivu makali ya kichwa au kuona giza, degedege, uchafu wenye harufu mbaya, maumivu makali ya tumbo, mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kuwa ngumu. Ikionekana moja, usingoje asubuhi, wala usingoje arobaini iishe.

Sita, moyo nao huzaa. Siku za kwanza mama wengi hulia bila sababu inayoonekana, na hali hiyo kwa kawaida hupita. Lakini huzuni ikiendelea zaidi ya majuma 2, au akikosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, au akimchukia mtoto, au akisema afadhali afe, huo ni ugonjwa, nao una tiba. Asiambiwe kwamba hana shukrani. Apelekwe kwa tabibu kama ambavyo angepelekwa kwa homa.

Mwisho, tuna neno juu ya wageni, na ndilo tunaloomba Mkutano ulikubali kuwa desturi ya tawi hili. Wahenga walisema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Katika nyumba ya mzazi tuyatende maneno hayo kama yalivyo. Anayekwenda kumwona mzazi aende na chakula kilichopikwa, wala asikae kungoja kupikiwa. Akae muda mfupi. Kabla ya kuondoka afanye kazi moja: afue, achote maji, aoshe vyombo, au amshike mtoto mama apate kuoga. Na amwulize mzazi mwenyewe, si mumewe, "U hali gani leo?" kisha angoje jibu.

Twaomba pia Chama kiandike orodha. Mwanachama akizaliwa mtoto, na hasa aliyehamishiwa hapa bila jamaa, nyumba saba zishike zamu, kila nyumba siku moja ya juma, kwa majuma 6. Ukigawa hivyo, kila nyumba inapata siku 6 tu. Twajua kuandika orodha za zamu. Ndiyo kazi yetu. Twachanga kwa ajili ya misiba, na hufanya vema. Je, hatuwezi kuchangiana mikono ili misiba mingine isitokee?

Martin Kayamba na wenzake walipoanzisha chama cha watumishi Waafrika kule Tanga mwaka 1922, walitaka mtumishi ugenini asiwe peke yake. Neno hilo halikukusudiwa kukomea mlangoni pa ofisi. Mke wa mtumishi naye yuko ugenini, na mwanachama wetu wa kike aliyejifungua yuko ugenini mara mbili.

Yule mtoto wetu wa siku ya tisa sasa ni mtu mzima. Alipopata mtoto wake mwenyewe, mamaye alikuwa wa kwanza kufunga safari, naye alikaa huko siku 40 kamili. Nasi tulimfuata. Tulichota maji.